Mwongozo wa Matumizi ya Kiungwana ya Magari Mepesi katika Michezo ya Vita

Mwongozo huu ni kwa ajili ya mwamuzi anayesimamia pambano, mwandaaji wa ligi, na mchezaji ambaye mchana yuko kazini na jioni ana saa moja au mbili za kukaa mezani au mbele ya kompyuta. Unahusu michezo ya mbinu za vita ya ngazi ya chini, ile ambayo mchezaji anaongoza kombania au batalioni moja, na kila gari na kila kikundi cha askari kinasogezwa peke yake. Michezo ambayo kipande kimoja kinawakilisha divisheni nzima haina tatizo hili, kwa hiyo haimo humu.

Gari jepesi, kwa maana ya mwongozo huu, ni gari ambalo halikuundwa kusimama na kupigana na kifaru. Humo wamo Jeep, Kübelwagen ya Wajerumani, pikipiki yenye kigari cha pembeni, lori la kubeba askari, Universal Carrier ya Waingereza, na magari ya deraya ya upelelezi kama M8 ya Wamarekani na Daimler Dingo. Wachezaji wengi huyaweka yote kwenye kapu moja, na hapo ndipo makosa ya hukumu yanapoanzia, maana Jeep isiyo na chuma cha kumkinga dereva na M8 yenye mzinga wa milimita 37 hazikufanya kazi moja vitani na hazistahili kanuni moja mezani.

Chanzo cha ugomvi

Gari jepesi lina sifa tatu zinazomshawishi mchezaji alitumie vibaya: ni rahisi kwa pointi, lina mbio, na likifa haliumi. Upungufu wa kila mchezo uko hapo kwenye sifa ya tatu. Kamanda wa kweli aliyempoteza dereva alikuwa na barua ya kuandika kwa wazazi na platuni iliyokuwa ikimtazama machoni. Mchezaji anapoteza pointi chache tu, tena anajua kabisa kwamba atazirudisha kwa faida.

Tuchukue mfano wa Normandy, majira ya joto ya 1944, katika mchezo ambao kila zamu ni dakika moja na pande zote mbili hupanga amri zao kwa siri kabla kompyuta haijazitekeleza kwa pamoja. Mshambuliaji ana vifaru vitano vya Sherman nyuma ya kilima. Anayelinda ameficha mzinga wa Pak 40, wa milimita 75, ndani ya shamba la matofaa, mita 600 kutoka njia panda. Mzinga huo ni mzuri lakini ni mzito, karibu tani moja na nusu. Ukishafyatuliwa mahali, wapiga mzinga hawawezi kuubeba mgongoni wakauhamishe. Zamu ya kwanza, Jeep moja inatoka nyuma ya kilima na kushuka barabarani kwa mwendo wote iliyo nao. Mzinga unapiga. Jeep inawaka. Zamu ya pili, mota za mshambuliaji zinaanza kumwaga makombora juu ya mtofaa uleule unaouficha mzinga, na kufikia zamu ya nne Sherman zinashuka kilimani bila wasiwasi.

Kwa hesabu ya pointi, aliyefanya hivyo amefanya biashara nzuri. Kwa hesabu ya vita, amepokea taarifa kutoka kwa maiti. Dereva aliyekufa papo hapo hakuiambia mota chochote. Walio nyuma ya kilima walisikia mshindo na kuona moshi ukipanda, basi. Kujua kwamba mzinga uko kwenye mtofaa wa tatu na si kwenye ua wa jirani ni jambo ambalo hakuna mtu hai aliyeliona. Mchezo ndio uliowapa zawadi hiyo, na mchezaji akaipokea akijua.

Programu zenyewe zimechangia. Katika Combat Mission: Beyond Overlord, iliyotoka mwaka 2000, kikosi kimoja kikimwona adui, upande wake wote ulimwona saa ileile, kana kwamba kila askari alikuwa na jicho la mwenzake. Mchezo wa aina hiyo unaligeuza kila gari dogo kuwa kamera ya kutupa. Mwaka 2007, katika Combat Mission: Shock Force, waundaji walibadilisha utaratibu: kila kikosi kikawa na uoni wake, na habari ikahitaji muda na mawasiliano ili ifike kwa mwingine. Mwandaaji wa ligi aanze kwa kujua mchezo wake uko upande gani wa mabadiliko hayo. Pale ambapo programu yenyewe inachelewesha habari, makubaliano ya wachezaji yanaweza kuwa mafupi. Pale ambapo habari husambaa papo hapo, na hivyo ndivyo ilivyo pia kwenye meza nyingi za dadu na sanamu ambako wote wawili wanaona ubao mzima, makubaliano lazima yawe ya wazi.

Yaliyo halali

Kabla ya kukataza, mwamuzi ajue kinachoruhusiwa. Upelelezi kwa gari ni kazi halali, na kupoteza gari katika kazi hiyo ni halali pia. Anayekwenda kutafuta adui humpata, na mara nyingine hupatikana yeye kwanza. Mwamuzi anayeadhibu kila Jeep inayoungua anawafundisha wachezaji kuziacha nyuma ya kilima mchezo mzima, na huko nako ni kuipotosha historia.

Namna magari ya upelelezi yalivyoundwa inatuonyesha kazi yake. Daimler Dingo, gari la watu wawili, lilikuwa na gia tano za kwenda mbele na gia hizohizo tano za kurudi nyuma. Lingeweza kutoka mahali pa hatari kwa kasi bila kugeuza. Wajerumani, kwenye magari yao ya magurudumu manane ya aina ya Sd.Kfz. 231, walimweka dereva wa pili akitazama nyuma, ili amri ya kuondoka ikitoka gari lisipoteze muda wa kuzunguka. Mhandisi aliyeweka vitu hivyo alitarajia gari lirudi. Mchezaji ambaye amri zake zote za gari jepesi ni za kwenda mbele tu, hana hata kituo kimoja cha kutazama wala njia ya kurudi, analitumia kinyume cha lilivyokusudiwa, na mwamuzi anaweza kuliona hilo kwenye karatasi ya amri bila kumuuliza mtu nia yake.

Ujasiri nao ni halali. Usiku wa tarehe 26 Julai 1942, magari 18 ya Jeep ya kikosi cha Uingereza cha SAS, yakiongozwa na David Stirling na yakiwa na bunduki za Vickers K, yaliingia uwanja wa ndege wa Sidi Haneish nchini Misri na kupita katikati ya ndege za Wajerumani yakizipiga kulia na kushoto. Mchezaji anayetaka kuigiza shambulio hilo asiambiwe kwamba Jeep si za kushambulia. Alichokuwa nacho Stirling ni giza, mshtuko, mpangilio uliofanyiwa mazoezi, na njia ya kurudi jangwani. Mchezaji awe na angalau viwili kati ya hivyo.

Halafu kuna vita ambavyo gari jepesi ndilo lilikuwa silaha kuu. Nchini Chad, tarehe 2 Januari 1987, majeshi ya serikali yaliyopanda Toyota za wazi zenye makombora ya MILAN yaliivunja ngome ya Walibya yenye vifaru huko Fada, kwa kukimbiza magari hayo kutoka pande kadhaa kwa wakati mmoja. Mapambano ya Somalia ya miaka ya 1990 nayo huwezi kuyaweka mezani bila pikapu zilizofungwa bombomu. Kanuni za Normandy hazifai huko hata kidogo. Mwandaaji anayenakili masharti ya ligi moja na kuyabandika kwenye pambano la Fada atakuwa amempokonya mchezaji wa Chad mbinu iliyompa ushindi.

Kipimo cha mwamuzi

Mwamuzi akiletewa shauri, ajiulize jambo moja kwanza: habari iliyopatikana ilifikaje kwa mtu aliyeitumia?

Kipimo hiki ni cha zamani. Mwaka 1824 Luteni wa Prussia, Georg Heinrich von Reisswitz, alitoa kanuni za mchezo wa vita uliochezwa juu ya ramani, zamu moja ikiwa dakika mbili. Katika mchezo huo wachezaji hawakugusa vita moja kwa moja. Waliandika amri zao, mwamuzi akazichukua, na yeye ndiye aliyeamua nani ameona nini. Tarishi alihesabiwa muda wa kupanda farasi hadi kufika. Akiuawa njiani, barua haikufika, na kamanda akaendelea kuamini alichoamini jana. Mwaka 1876 Jenerali Julius von Verdy du Vernois alikwenda mbali zaidi: akapendekeza kuachana na sehemu kubwa ya majedwali na dadu, na kumwachia mwamuzi mwenye uzoefu aamue kwa akili yake. Michezo ya kisasa ya ubao na kompyuta imemwondoa mwamuzi huyo ili watu wawili waweze kucheza bila wa tatu. Tulipomwondoa, kazi yake haikuondoka, na makubaliano ya kiungwana yameingia kuijaza nafasi yake.

Kivitendo, mwamuzi afuate utaratibu huu. Gari jepesi likiharibiwa na wote waliomo wakafa katika zamu ileile waliyomwona adui, upande wao unaruhusiwa kutumia kile tu ambacho kikosi kingine kilicho hai kingeweza kukiona au kukisikia: uelekeo wa mlio, moshi, upande wa barabara. Mota hazipigi mahali hasa palipoonekana mpaka kikosi kingine kipaone chenyewe. Iwapo gari lina redio na limesalia hai angalau zamu nzima baada ya kumwona adui, habari imefika, na mshambuliaji aitumie bila kinyongo. Iwapo halina redio, na Jeep nyingi hazikuwa nayo, habari inafika pale gari au mtu wake anapomfikia kamanda.

Palipo na zamu za dakika moja, ucheleweshaji wa zamu mbili au tatu unatosha. Usizidishe. Ucheleweshaji wa zamu kumi unaua mchezo, na watu waliotoka kazini wamechoka hawatarudi wiki ijayo.

Swali la pili, ambalo mwamuzi analihitaji mara chache, ni kama amri ingetiiwa. Jeep moja kushuka barabara isiyojulikana, inawezekana. Ya pili kufuata ikiwa ya kwanza bado inawaka, dereva angesimama na kushuka. Ya tatu, hakuna sajini ambaye angepitisha amri hiyo. Inatosha kusema hivyo kwenye makubaliano: barabara iliyoteketeza gari moja haipitiwi na gari jingine jepesi mpaka askari wa miguu au kifaru kimetangulia.

Ujanja mwingine unaojulikana

Kumchosha adui risasi. Katika Steel Panthers ya mwaka 1995 kila kikosi kina idadi ya mapigo ya kujibu wakati adui anasogea. Mchezaji mjanja hupitisha malori matupu mbele ya bunduki zote mpaka mapigo yaishe, kisha vifaru vyake vinavuka uwanja bila kuguswa. Tatizo hili liko pia kwenye Advanced Squad Leader ya mwaka 1985, kwa sababu kikosi kilichokwisha kupiga wakati adui anasogea hubaki na nafasi finyu ya kupiga tena katika zamu hiyo. Nionavyo mimi, huu ndio utumiaji mbaya kuliko wote, kwa kuwa hauna hata kisingizio cha upelelezi. Lori tupu halitafuti kitu. Ligi iseme waziwazi: gari lisilo na silaha halitangulii mbele ya kikosi chenye silaha ndani ya eneo ambalo adui anajulikana kulipiga.

Kumgandisha adui. Katika Advanced Squad Leader gari likiingia kwenye pembesita ya askari wa miguu, askari hao hulazimika kushughulika na gari hilo lililo miguuni mwao na hawapigi tena nje. Kifaru kikifanya hivyo, wachezaji wengi hunung'unika lakini hukubali, kwa sababu kifaru kilichobana dirisha la nyumba ni tishio la kweli. Lori au Jeep ikifanya hivyo, ni kituko. Sheria ya mchezo inaruhusu; makubaliano yanaweza kukataza kwa magari yasiyo na deraya, na katika ligi ya wachezaji wapya ningekataza.

Ukuta wa magari. Kuegesha malori kwenye daraja ili kuliziba, au kuyapanga mbele ya askari ili adui asiwaone. Kuziba daraja kwa lori ni jambo lililotokea vitani, kwa hiyo si kosa peke yake. Mwamuzi adai tu kwamba lifanyike kwa muda wa kutosha na kwamba wenye lori nao hawawezi tena kupita. Kuyafanya malori pazia linalotembea ni mzaha na lizuiwe.

Mbio za zamu ya mwisho. Pambano lina zamu 30. Zamu ya 29 pikipiki tatu zinachomoka, zinapita katikati ya risasi, na moja inasimama juu ya bendera ya ushindi. Katika vita halisi zisingedumu pale dakika tano. Dawa yake ni ya mwandaaji zaidi kuliko mchezaji: ama pambano liishe kwa zamu isiyojulikana, dadu iamue, ama gari jepesi lisihesabiwe kumiliki mahali isipokuwa limefika na askari wa miguu. Ukiweka mojawapo, hutasikia malalamiko haya tena.

Wafu waliofufuka. Gari linaharibika, wawili wanaruka wakiwa hai, na mchezaji anawatuma kilomita moja ndani ya msitu kutafuta mizinga. Walionusurika gari lao likiungua hurudi nyuma. Huo ndio uungwana, na programu nyingi za baadaye huwapa ari ndogo kwa sababu hiyohiyo. Wakikumbana na adui wakati wanarudi, wapigane. Kuwapeleka mbele, hapana.

Wajibu wa anayelinda

Malalamiko mengi huletwa na mtu ambaye hakujipanga. Mwamuzi akipokea lalamiko kwamba Jeep imeufichua mzinga wa vifaru, aangalie kwanza mpangilio wa anayelalamika. Je, kulikuwa na bombomu lililopewa barabara ile? Mzinga mkubwa haupaswi kupiga gari dogo; kazi hiyo ni ya silaha ndogo, na kamanda aliyeuficha mzinga wake bila kuweka mtu wa kushughulika na wapelelezi amejichongea mwenyewe. Katika Combat Mission: Barbarossa to Berlin ya mwaka 2002, mchezaji anaweza kuuamuru mzinga usipige chochote ila magari ya deraya, tena ndani ya eneo alilolichora. Mwenye chombo hicho asipokitumia, shauri lake ni jepesi.

Hivyo hivyo kwenye ubao. Anayelinda aeneze ulinzi wake kwa kina, aweke kituo cha mbele cha askari wachache, aache gari la kwanza lipite likibidi. Wapelelezi wa kweli waliachwa wapite mara nyingi, wakarudi na taarifa kwamba barabara ni nyeupe. Mchezaji mwenye subira ya kuiacha Jeep ipite chini ya pua yake atakuwa amemlisha mpinzani wake habari ya uongo, na hakuna kanuni inayomzuia.

Makubaliano kabla ya zamu ya kwanza

Jambo lolote ambalo halikusemwa kabla ya mchezo kuanza lihesabiwe halali. Sharti hili linaonekana kali, lakini ndilo linalookoa urafiki. Uungwana wa mtu mmoja si lazima uwe wa mwenzake. Aliyefundishwa kwenye michezo ya ubao na aliyefundishwa kwenye kompyuta wanaweza kutofautiana kwa moyo safi kabisa, kila mmoja akidhani mwenzake anacheza rafu.

Makubaliano yaandikwe, hata kama ni kwenye ujumbe wa simu, na yawe mafupi kiasi cha kusomwa na mtu aliyesimama kituo cha basi. Mfano unaotosha kwa pambano la kawaida la Ulaya ya 1944 ni huu:

“Ndugu, kabla hatujaanza naomba tukubaliane haya. Magari yasiyo na deraya hayatangulii mbele ya askari kwenye eneo ambalo adui ameshaonekana. Barabara iliyoteketeza gari jepesi haipitiwi na jingine jepesi mpaka wengine wametangulia. Gari likifa na wote waliomo, hatupigi mota mahali lilipopaona peke yake. Walioruka kutoka kwenye gari lililoharibika wanarudi nyuma. Magari ya deraya yenye silaha, kama M8, yako huru. Ukiwa na nyongeza au pingamizi, niambie kabla ya kutuma zamu yako ya kwanza.”

Mchezaji mdogo kwa umri anayemwandikia mzee asione haya kutuma ujumbe wa namna hii. Aanze na shikamoo, aeleze anachotaka, amwachie mwenzake nafasi ya kukataa. Mzee naye asichukulie kwamba anafundishwa kazi.

Kwenye ununuzi wa vikosi kwa pointi, ongeza kikomo. Kombania ya askari wa miguu yenye Jeep mbili au tatu inaeleweka. Yenye kumi na mbili inatangaza nia yake kabla ya zamu ya kwanza. Hapa hoja ya historia lazima itumiwe kwa uangalifu. Ni kweli kwamba viwanda vya Willys na Ford vilitengeneza Jeep zaidi ya 600,000 wakati wa vita, na mchezaji atakuambia zilikuwa kila mahali. Zilikuwa kila mahali, zikibeba maofisa, majeruhi, waya za simu na chai. Wingi wa gari jeshini si kibali cha wingi wake mstari wa mbele.

Wachezaji wa barua pepe wanahitaji jambo moja zaidi, ambalo halihusu magari lakini huzua hasira zilezile: muda wa kujibu. Semeni mtatuma zamu mara ngapi kwa wiki, na anayesafiri kikazi aarifu mapema. Nimeona shauri la Jeep likikuzwa kuliko ukubwa wake kwa sababu tu mlalamikaji alikuwa amengoja zamu hiyo kwa wiki tatu.

Kusikiliza malalamiko

Mlalamikaji aandike kwa mwamuzi, asimwandikie mpinzani. Aeleze zamu, gari, na kilichopatikana. Nia ya mpinzani aiache. Hakuna mwamuzi awezaye kuipima, na maneno kama “amekusudia” huwasha moto usio wa lazima.

Mchezo usisimame. Mwamuzi atoe uamuzi kabla ya zamu inayofuata kutumwa. Asipoweza, mchezo uendelee na uamuzi uhusu zamu zijazo tu. Kurudisha mchezo nyuma ni dawa mbaya kuliko ugonjwa, maana wote wawili wameshaona wasichopaswa kuona.

Adhabu iwe ya kurekebisha. Kama mota zimepiga mahali palipofichuliwa na maiti, mwamuzi azizuie zamu kadhaa, si zaidi ya tatu. Kama malori yametumika kumaliza risasi za adui, malori yote yaliyobaki yaondolewe ubaoni. Kupunguza pointi za ushindi kuwe kwa anayerudia baada ya kuonywa kwa maandishi. Mchezaji mpya aonywe tu, tena kwa faragha, na aelezwe sababu. Wengi wao hawajui kwamba kuna mtu anayeona vibaya.

Mwamuzi mwenyewe asicheze katika kundi analoliamulia. Ligi ndogo zitasema hazina watu. Basi wachukue mtu wa ligi jirani awaamulie shauri, kwa sababu uamuzi wa mshindani, hata ukiwa wa haki, hautapokelewa kama haki.

Ardhi na majira

Mwandaaji anaweza kumaliza nusu ya mashauri kwa kuchora ramani vizuri. Gari jepesi lilikuwa na mbio kwenye lami na kwenye jangwa gumu. Kwenye shamba lililolimwa, kwenye kijito, kwenye bustani yenye kuta za mawe, mbio hizo hupungua au huisha. Kübelwagen haikuwa hata na nguvu ya magurudumu yote manne; ilisukumwa na ya nyuma tu, ikisaidiwa na wepesi wake. Michezo mingi hulipa kila gari mwendo mkubwa kila mahali, na mchezaji anayekimbiza Jeep kwenye tope kama yuko kwenye barabara kuu anatumia kosa la ramani.

Mfano ulio karibu nasi ni Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ambayo askari wake wa King's African Rifles waliteremka bonde la Kabaw nchini Burma mwaka 1944 wakati wa masika ya huko, wakifika Kalewa mwanzoni mwa Desemba. Barabara ziligeuka tope, magari yakazama, na mizigo ikaangushwa kwa ndege. Anayeandaa pambano la bonde hilo aandike kwamba magari mepesi hayatoki barabarani kabisa, na kwamba barabarani yana nusu ya mwendo wake. Upelelezi ufanywe na askari wa miguu. Akiandaa pambano la Misri au Chad, afute masharti hayo yote na kuruhusu magari yatoke popote, isipokuwa kwenye mchanga laini na mabonde makavu yenye kingo za ghafla, ambako dadu iamue kama gari limekwama na kwa zamu ngapi.